Koti Tulilolifumua

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mkasi. Fundi Mkuu, mzee kutoka upande wa ziwa aliyeongoza karakana yetu ya ushonaji mjini Kisii, alinipa sindano na kipande cha kitambaa. "Nyathina," aliniita, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, "pinda hapa mpaka nisione uzi upande wa nje." Nilishona na kufumua hadi jioni.

Enzi zile aliyetaka suruali ya kanisani alikuja kwetu. Tulimpima, tukachora kwa chaki, tukakata. Koti lilikuwa kazi ya heshima. Ndani lina bitana, kitambaa laini kinachoficha mishono, na kifuani hutiwa kitambaa kigumu ili lisimame vizuri. Makoti aliyashona Fundi Mkuu peke yake.

Kisha serikali ikazifungulia milango nguo za kutoka ng'ambo. Siku moja ya soko, mama mmoja alikata kamba za robota la mitumba karibu na mlango wetu, makoti yakamwagika. Fundi Mkuu akanunua moja kwa bei ambayo kwetu isingetosha hata vifungo. Tukalifumua mezani. Mafundi wote waliinama kulitazama. Mishono ilinyooka ajabu, na mikono ilikaa begani bila kikunyanzi hata kimoja.

"Nani ameshona hili?" nikauliza.

"Watu wengi. Kila mmoja na mshono wake." Aliipapasa kola kwa muda mrefu. "Nyathina, kazi hii ni nzuri sana. Itatumaliza."

Ikatumaliza kweli. Wateja wakawa wanaleta mitumba tu, tuwapunguzie viuno na mikono. Mafundi waliondoka mmoja mmoja, cherehani zikauzwa, Fundi Mkuu akarudi kwao. Siku ya kuagana alinishika mikono yote miwili.

Mimi nilihamia soko la Nyaramba, kwa Mwenye Duka, mama mkali aliyeshonesha sare za shule pekee. "Marinda yalingane, au ufumue!" Nilikaa kwake hadi macho yalipochoka.

Sasa nimestaafu, naishi Nyanchwa na binti yangu. Juzi jirani yetu, mwalimu kijana, aliniletea koti la mtumba.

"Omong'ina," akasema, yaani mama mzee kwa Kigusii, neno la heshima, "najua umepumzika, lakini Jumapili nina harusi. Nipunguzie kiuno."

Nilipofungua bitana nilikuta mahali ambapo mashine iliruka. Mtu alikuwa amepaziba kwa sindano, mishono midogo iliyolala sawasawa. Nikamwonyesha mwalimu.

"Kumbe huko pia wanashona kwa mkono?" mwalimu akauliza.

"Wanashona," nikamwambia. "Na huyu alijua kazi."

Nililisogeza koti dirishani, nikaitazama mishono ile. Aliyeishona simjui, wala sijui kama naye bado ana kazi. Nikakipunguza kiuno, nikairudishia bitana polepole, nisiguse uzi wake hata mmoja.