Mchicha wa Mama Zaituni

Enzi za utawala wa jeshi nilipima madini yenye sumu katika mboga za Kampala. Mchicha wa Mama Zaituni wa Luzira, mke wa sajenti, ulionyesha madini ya risasi kupita kiasi. Nilimwagiza aung'oe wote, ingawa ndio uliolisha wanawe. Akang'oa huku analia.

Kesho yake alikuja na mumewe maabara kulalamika. Mkuu wangu akataka kuona nilivyoubeba mchicha kutoka shambani kwake. Nikafungua kwa madaha mfuko ule ule niliouwekea. Ndani mlikuwa na chupa yangu ya petroli ya magendo, maana vituoni ilikuwa imeadimika, inavuja. Na petroli ya siku hizo ilitiwa madini yale yale ya risasi.

"Kumbe petroli iko!" sajenti akafoka. "Na sisi natembea na miguu toka Luzira!"

Mkewe akanitazama. "Sasa, daktari, watoto nakula nini? Petroli yako?"