Damu ya Bi Mwanaidi

Nilikwenda Busi, kijiji cha Kondoa, kwa ajili ya Bi Mwanaidi, mama aliyekatwa titi mwaka uliotangulia kwa sababu ya saratani. Daktari wetu Dodoma alikuwa akitafuta chembe za saratani zinazochomoka kwenye uvimbe na kutembea ndani ya damu. Ni chache mno, na zikipasuka hazionekani tena. Bi Mwanaidi alitaka jambo moja tu: kujua kama ugonjwa umekwisha au umejificha. Mimi, mtu wa maabara, nilitumwa kuifuata damu yake.

Alfajiri, Dodoma. Gari la idara lilikuwa bovu, kama kawaida, nikapanda lori la wafanyabiashara wa Kondoa lililosheheni redio na mabeseni ya plastiki. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na bidhaa za nje zilifika vijijini kabla ya dawa. Nilimeza vumbi kutwa nzima.

Busi, kesho yake asubuhi. Nilimwamkia Bi Mwanaidi, akaitikia marahaba na kunikaribisha uji. Majirani walikuwa wamemwonya kwamba damu yake inakwenda kuuzwa. Aliwaita waje watazame, kisha akanyoosha mkono. Chupa ikajaa.

Chemba, jioni ile ile. Nilifikia kwa Rehema, muuguzi niliyesoma naye. Yeye ndiye aliyesimamia chanjo, na jokofu lake la mafuta ya taa alilitunza kuliko kitanda chake. Nilikuwa hoi. Nikamwachia kikapu chenye chupa, nikalala bila kumwambia kwamba damu ile isigandishwe. Kwa Rehema, kitu chochote cha hospitali kilicho safarini lazima kipozwe, basi akaitia chupa kwenye sehemu ya barafu ya jokofu, ikaganda usiku kucha. Asubuhi ilipoyeyuka, damu ilikuwa inaonyesha ng'ambo kama maji ya choya, yale maua mekundu ya juisi. Chembe zote zilikuwa zimepasuka kwa kuganda. Rehema alilia. Sikumlaumu, maana kosa lilikuwa langu, na hata nguvu za kugomba sikuwa nazo.

Nakiri nilitamani kuendelea na safari nikaseme chupa imevunjika njiani. Nilikaa barabarani muda mrefu, lori la Dodoma likapita, nikaliacha.

Busi tena, alasiri. Nilimweleza Bi Mwanaidi kila kitu, macho yangu chini. Nilidhani atanifukuza.

"Hizo chembe," aliuliza, "kama zilikuwemo, nazo zimekufa?"

"Za kwenye chupa, ndiyo, mama."

"Na zangu?"

Akakunja mkono wa gauni, safari hii bila kumwita jirani.

"Chukua, mwanangu. Mara hii zifike nzima. Na jibu, liwe lolote, uniletee mwenyewe."

Kurudi, chupa niliifunga kitambaa nikaiweka mfuko wa shati. Tulipita Chemba sikushuka. Rehema alinipungia mkono kutoka mlangoni. Kichwa kilikuwa kinaanguka kwa usingizi, lakini niliapa sitalala tena kabla ya kusema la kusema, na kiapo hicho ninacho hadi leo.

Dodoma, siku mbili baadaye. Daktari alikuwa ameinamia hadubini tangu asubuhi. Nilikuwa nikiosha vioo aliponiita nitazame. Zilikuwa chembe tatu za saratani, kubwa, zimekaa katikati ya damu.

"Zimefika nzima," alisema.

Nilikausha mikono, nikatoka kwenda kuulizia lori la Kondoa.