Maswali ya Mshenga

Pale Manga, ukitaka kuozesha bila majuto, ulimtafuta Bathsheba Nyamoita. Yeye ndiye aliyekuwa esigani, mshenga wa kuchunguza nyumba za watu: kuna uchawi, kuna wizi, kuna kichaa kwenye ukoo? Jicho lake lilikuwa kali na mdomo wake haukuogopa wazee. Ndiyo maana mwaka 1971, shule ya chekechea ya harambee ilipotaka mwalimu, mwenyekiti wa kamati, Mzee Obwocha, alimtuma Bathsheba hadi kijiji cha Masimba kumchunguza kijana aitwaye Josiah.

Bathsheba akauliza maswali yake yale yale ya ndoa. Ukoo ulikuwa safi. Akapita pia kwenye shule alikokuwa akifundisha Josiah, na mzee wa kamati ya huko akamjibu hata hajamaliza kuuliza: "Josiah? Mtu mzuri sana. Mchukueni."

Msichana mdogo aliyekuwa akinywa uji hapo uani alisikia jina hilo, akaacha kikombe, akajificha nyuma ya ghala la mahindi. Bathsheba alimwona. Akasema moyoni, haya za watoto tu. Akarudi na habari njema, Josiah akaajiriwa.

Kabla mwaka haujaisha, mjukuu wa Bathsheba, Gesare, aliyesoma hapo chekechea, alianza kukojoa kitandani na kukataa shule. Asubuhi moja mama yake alimwambia mwalimu anamngoja. Mtoto akakimbilia nyuma ya ghala. Bathsheba akamkumbuka yule msichana wa Masimba, akaenda moja kwa moja kwa kamati.

Kamati ilimfukuza Josiah kimyakimya. "Tukipiga kelele, wasichana wetu wataolewa na nani?" aliuliza Obwocha. Hakuna aliyembishia, hata Bathsheba.

Mwaka uliofuata Bathsheba alikuwa kwa Obwocha kwa mambo ya posa ya binti wa mzee huyo, mara akaingia mama mmoja aliyetumwa na kamati ya shule ya Ekerenyo kuuliza habari za Josiah, aliyeomba kazi huko.

"Josiah? Mtu mzuri sana," Obwocha akasema haraka. "Mchukueni."

Bathsheba akamgeukia mgeni. "Mama, mimi pia niliambiwa hivyo hivyo, nikaamini. Mjukuu wangu Gesare mpaka leo anaamka akilia. Huyo mtu msimpe watoto."

"Nyamaza, wewe!" Obwocha akafoka. "Unamharibia mjukuu wako jina!"

Mgeni aliondoka bila kumaliza chai. Manga nzima hakuna aliyemtuma tena Bathsheba kuposa. Lakini hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba aliporudi nyumbani siku ile ya mgeni, Gesare alimkimbilia kumpokea kikapu, na bibi akashindwa kumtazama usoni, maana jina la mtoto huyo ndilo alilokuwa amelitaja mbele ya mgeni.