Mkwe aliyenipa shuka chafu wodini: yaliyonikuta kwenye utafiti wa wagonjwa wa sukari, Musoma

Wakuu, poleni na majukumu. Hili nimelishuhudia kwa macho yangu, majina tu ndiyo nimeyaacha nyumbani Bweri.

Nilipata kazi ya muda ya kukusanya data za utafiti kwenye hospitali moja hapa Musoma. Tunawahoji wagonjwa wa sukari: wana shida gani na nani anawahudumia. Tablet mkononi, kitambulisho shingoni, najiona nusu daktari.

Wodini kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha Buswahili, mfugaji, kaletwa sukari ikiwa juu. Nikamuuliza kama ana kidonda mguuni.

"Hapana." Na joto lote lile kavaa soksi.

"Nani anakuhudumia, mzee?"

"Mungu."

Nikajaza, nikasonga mbele. Soksi sikuiulizia, nilikuwa nawahi lunch.

Kumbe mhudumu yupo. Ni mke wa mwanawe, mumewe yuko visiwani kwenye dagaa. Anashinda kwenye veranda, nje ya mlango. Uji anampa mgonjwa wa kitanda cha jirani, ndiye anaufikisha kwa mzee.

Kwao mkwe hamsogelei baba mkwe, sembuse kumgusa au kutaja mwili wake. Mimi wa kukulia Bunda mjini, haya nilikuwa nayasikia tu.

Natoka, akanisimamisha na kunipa shuka lililokunjwa. Lina doa, linanuka. Nikakasirika kabisa.

"Dada, mimi sio mfuaji."

Akaangalia chini. "Mimi ndio nafuaga, kaka. Hili la leo nimeliacha. Hilo doa linakuwaga upande wa chini wa kitanda."

Upande wa chini, yaani miguuni.

Wakuu, nikaikumbuka ile soksi. Nikarudi mbio kwa nesi. Soksi ilipovuliwa, chini ya kidole gumba kulikuwa na shimo linatoa usaha.

Mzee alikuwa anajua. Angesema, angeambiwa mkwe wake amsafishe kila siku nyumbani, na aibu hiyo kwake ilizidi uchungu wa kupoteza mguu.

Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, mguu wote ungekwenda. Kikaondoka kidole kimoja.

Hadi leo nastaajabu. Yule dada hakuvuka mlango, hakutaja kitu, na ameokoa mguu ambao hajawahi kuuona.

Baada ya siku chache nilirudi kurekebisha dodoso langu la uongo. Mzee kafungwa bandeji, anatazama mlangoni.

"Kijana, pale niliposema Mungu, umeshafunga?"

"Bado, mzee."

"Ongeza mke wa mwanangu."

Mlango ulikuwa wazi. Kule veranda yule dada akajifunika uso kwa khanga, na mimi machozi yakanilengalenga juu ya tablet ya watu.

Nilichojifunza: mgonjwa akikwambia hana shida, muulize na anayemfulia.

Mliowahi kumuuguza mtu ambaye mila hairuhusu mumguse, mlifanyaje? Tiririkeni hapa, nasoma zote.