Picha ya Kwaya Kwenye Simu ya Baba

Kwaya yetu ya kanisani Nsemulwa ina utaratibu wake wa kupanga mstari: wafupi katikati, warefu pembeni. Mama alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi, kwa hiyo miaka yote ya kuimba kwake alisimama mwisho kabisa, upande wa kulia. Kwenye picha pekee aliyopigwa akicheka, yuko palepale pembeni. Hakupenda kamera. Nyingine tuliyobaki nayo ni ya kitambulisho, amekodoa macho utadhani ameshikwa na polisi.

Alipofariki, masika yaliyopita, nilikuwa namalizia kutengeneza programu ya simu ya kwaya, yenye nyimbo zetu na maneno ya kila wimbo. Picha ile nikaiweka ukurasa wa kwanza, nikaipanga ijaze kioo chote. Niliwaonyesha wenzangu kwenye kompyuta, wakasifia, nikavimba kichwa.

Baba naye akaipakua kwenye kisimu chake. Jumapili hiyo hakuja kanisani, wala iliyofuata. Nikamfuata nyumbani nimekasirika, maana watu walishaanza kuniuliza maswali. Nilimkuta amekaa jikoni, hajawasha hata moto. Akanisogezea simu.

"Mama yako mmeshamtoa?"

Nikatazama. Picha ni pana, kioo cha simu ni chembamba na kirefu; ili kijae, pande zote mbili zilikuwa zimekatwa. Mama hayupo. Baba alikuwa ameamini kwamba kwaya imemfuta kwa sababu haimbi tena, na kwamba mimi, binti yake wa kumzaa, ndiye niliyefanya hiyo kazi. Jamani, niliumia. Nikamweleza, akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikiliza mgeni.

Nikatoa kompyuta kwenye mkoba, nikaifungua palepale kwenye mkeka aliokalia. Kwanza niliiacha picha ikae yote bila kukatwa, nikamwekea upya. Mama akarudi, ila mdogo kama punje ya mchele, juu weusi mtupu, chini weusi mtupu. Baba akaikuza kwa vidole, uso ukawa viraka viraka, maana picha yenyewe ilishapita kwenye simu nyingi mpaka ikachoka. Na macho ya mzee yameshapungua. Akasema hamwoni.

Ikabaki njia ninayoichukia: kuibana picha kwa pembeni na kuivuta ienee juu mpaka chini. Kila mtu akarefuka, akakonda. Mwalimu wa kwaya, na kitambi chake chote, akawa kama mwiko. Nikacheka, nikasubiri na Baba acheke.

Hakucheka. Aliishika simu karibu na uso, nikasogea kuona anachokiona. Mama yuko pale mwisho wa mstari, mashavu yamebonyea, shingo nyembamba, mikono imebaki mifupa. Vilevile alivyokuwa kitandani wiki zile za mwisho.

Baba akanirudishia simu.

"Niwekee yule mdogo," akasema. "Huyu nimeshamuuguza."