Suruali ya Kaka Niliyoichemsha

Jamani, mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo, najua mke wangu keshawadokezea. Ndiyo, ni mimi niliyekwenda ukweni Kituntu kujitambulisha nimevaa suruali inayoishia chini kidogo ya magoti, na haikuwa kaptula.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, sabuni ya kutafuta kwa tochi, na kaka yangu Deo akaniazima suruali yake ya sufu, rangi ya maziwa (aliyofungia ndoa, tena akaniapisha). Mkungu wa ndizi wa kupeleka ukweni ulikuwa bado shambani, nikajiambia, ah, kukata mkungu mmoja nako mpaka nibadili nguo? Nikakata. Utomvu ukanidondokea mapajani, na kwa kuwa ukiwa mbichi ni kama maji tu, nikapangusa nikaenda kunywa uji, kuja kujitazama, mabaka meusi!

Mwenye akili angemuuliza mama. Mimi huyo, mjuaji, nikabandika sufuria, nikatia maji ya majivu, nikaichemsha suruali kama makande. Mabaka yakabaki, kilichoondoka ni urefu! Nikaivuta huku, nikaivuta kule, wapi! Nguo nyingine ya heshima sina, na Adela, mchumba wangu, alishaniambia kuna mwingine anamtaka, nisipotokea siku ile baba yake atamkubalia huyo. Nikaivaa mbichi hivyohivyo, kifungo kimegoma, shati nimelishusha kufunika aibu.

Nikafika, nikautua mkungu, nikatoa shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, magoti yote nje. Kikapu cha kahawa ya kutafuna, anayokaribishwa nayo kila mgeni, mzee kakishikilia mapajani mwake, hanipi.

"Kijana, nguo hiyo kakufulia nani?"

"Mimi mwenyewe, baba."

"Na mkungu kakata nani?"

"Mimi mwenyewe."

Halafu mama mkwe akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Baba Adela, huyu kufua hajui, lakini atafundishwa! Yule mwenzake si tulimwomba atukatie ndizi akasema atachafuka?"

Mzee akajikaza asicheke, akashindwa. Akanisogezea kikapu. Wallahi sijawahi kutafuna kahawa tamu vile!

Kabla sijaondoka mama mkwe akanielekeza: utomvu unaupaka mafuta ya taa mapema, ndipo ufue kwa sabuni na maji baridi, na sufu usiionyeshe moto kamwe. Tangu hapo nikienda migombani navaa matambara, hata kama ni jani moja nafuata.

Kaka alininunia mpaka msimu wa kahawa ukaisha. Suruali tukaitunza na mabaka yake, na kifungua mimba wetu akaivaa siku ya komunyo ya kwanza, ikamkaa utadhani fundi alimpima. Kaka akaitazama weee, machozi yanamlengalenga, akaniinamia sikioni: "Haya, angalau imempata mwenyewe."