Moyo wa Mwalimu Zuhura Haukungoja Likizo

Jamani, akili yangu bado inakataa. Jumatatu asubuhi nimekunywa naye chai ofisi ya walimu, Jumanne tumemzika.

Mwalimu Zuhura wa Historia, shule yetu hapa Nyamwage. Miaka tisa meza zetu zimegusana.

Mliosoma kwake mnakumbuka kipindi cha Vita vya Maji Maji. Anakatisha sentensi, mkono kifuani, darasa kimya. Mlidhani anawaombolezea waliokufa. Wala! Moyo ulikuwa unaruka.

"Unadunda, unasimama, halafu linakuja pigo moja la kishindo," aliniambia.

Zahanati wakapima presha, iko sawa. "Punguza mawazo, mwalimu." Akapunguza mawazo mwaka mzima.

Tabibu mmoja Kibiti ndiye aliyemshika mkono akahesabu mapigo dakika nzima, kisha akampima umeme wa moyo. Kumbe ni mapigo ya ziada, yanaanzia vyumba vya chini vya moyo, yanawahi kabla ya zamu yake. "Kwa wengi hayana neno, dada. Ila yako ni mengi mno. Nenda Dar."

Dar wakamvalisha mashine ya kurekodi moyo, siku nzima. Akasahihisha madaftari na waya kifuani. OMG, huyu mwanamke!

Vidonge vikamtuliza miezi kadhaa. Halafu kipimo cha picha kikaonyesha moyo umeanza kupanuka, umechoka. Daktari akataka kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, achome pale panapoanzisha fujo. Akampa tarehe.

Akaahirisha. "Form Four wamebakiza wiki tatu wafanye mtihani, shoga. Nitaenda likizo."

Nikamjibu, "Sawa."

Hiyo sawa yangu nimeibeba tangu Jumatatu. Nimechoka nayo.

Jumatatu hiyo, kipindi cha tatu, akaanguka ubaoni. Tukampakia garini kumkimbiza Kibiti. Tunavuka daraja la Ndundu nimemshika mkono, natafuta mapigo, siyapati. Kibiti daktari alimpima, akaandika saa ya kifo.

Mama yake hakulia. Aliniuliza, "Kumbe alikuwa anaumwa, mwanangu? Mbona hakuniambia?"

Ndugu zangu, moyo ukirukaruka mara kwa mara, usikubali kuambiwa ni mawazo kabla hujapimwa. Na ukipewa tarehe, nenda.

Zuhura, leo nimefungua droo yako nikashindwa kutoa hata kalamu. Nimeifunga tena.

Lala, dada yangu. Kesho vipindi vyako naingia mimi.